Sanduku Lipite Limelala

Jumatatu, 3 Juni

Mandazi ya kwanza yameungua. Kosa la komite. Huwezi kuongoza mkutano na kuangalia karai kwa wakati mmoja, lakini avenue yetu, mtaa huu wa nyumba za mbao, haina ofisi. Ina jiko langu. Kwa hiyo wanakalia viti vyangu, wanakula mandazi yangu, tunajadili mambo ya umma.

Tulikuwa watatu. Mimi, présidente. Papa Cirhuza, fundi wa mbao, mtengeneza vitanda na masanduku ya maiti. Maman Riziki, mshauri, anayesema kidogo. Chef wa avenue hakuja. Huja kukiwa na kinywaji.

Jambo ni moja: njia. Kiangazi kimeingia, upepo umeanza. Mwaka jana avenue ya ng'ambo ya mtaro iliungua mchana kweupe. Gari la kuzima moto lilisimama barabarani, mpira wa maji haukufika. Watu walitoka mmoja mmoja katikati ya mbao, wakikanyagana. Wengine hawakutoka. Faida, dada yake Maman Riziki, hakutoka. Hakukupatikana hata cha kuzika.

Na sisi? Njia yetu zamani ilikuwa pana. Kila mwaka kila mtu amesogeza ubao mmoja, mmoja tu, kwa adabu kabisa. Halafu Papa Bahati akajenga depo yake ya bia pale juu, karibu na barabara, akaziba karibu njia yote. Moto ukianza huku chini, tutabanana kwenye ukuta wa depo na kufa tukinusa bia ya wengine.

Nimechoka kuogopa makaa ya mbabula ya jirani. Tumekata neno: njia ifunguliwe kiangazi hiki hiki.

Jumatano, 5 Juni

Nimeenda kwa Papa Bahati. Amenipa kiti. Amenipa soda. Ana karatasi yenye muhuri, hasemi aliipata wapi.

"Maman Présidente, njia si iko? Mutu anapita."

Anapita, ndiyo. Ubavu ubavu, ameshika pumzi. Nikamuuliza, na mgonjwa aliyebebwa?

"Naye apite na mbavu."

Akacheka. Nimeiacha soda bila kuigusa. Nilikuwa na kiu, lakini bora kiu.

Jioni, komite. Ugomvi wa mita. Kila mwenye nyumba ana mita yake, na zote zinaishia mbele kidogo ya ukuta wake. Papa Cirhuza akasema tuachane na mita, tupime na sanduku. Kipimo hicho hapa kila mtu anakielewa. Kwenye vijia vyembamba maiti hutolewa wima, sanduku limesimama kama kabati, na familia inalia mara mbili. Njia ya kweli ni ile ambayo sanduku linapita limelala, mabegani mwa wanaume wanne, wawili wawili. Nani atasimama aseme yeye hatalihitaji?

Tumekubali wote. Pale litakapokwama, pakatwe. Nikaongeza mwenyewe: bila kuangalia sura ya mtu. Niliipenda sana sentensi hiyo. Chef wa avenue, aliyefika mwishoni, akatuambia penye nia pana njia. Nikamjibu nia tunayo, njia ina makreti.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Naandika hasira ikiwa haijaisha.

Salongo ya asubuhi, kazi ya usafi ya watu wote. Majembe, mifagio, maduka yamefungwa kama kawaida. Wanaume wanne wakatoa sanduku jipya kwa Papa Cirhuza, wakaliinua, tukaanza kupanda kutoka mtaroni. Nyumba ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Kwenye ya tatu mwanamke akapiga ukelele. Milango ikaanza kufungwa. Akina mama wakawavuta watoto ndani kwa mikono, kwa masikio, kwa chochote walichokamata.

Sanduku lilikuwa tupu.

Sanduku tupu halitembei. Likitembea, linatafuta wa kulazwa ndani. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Papa Cirhuza mwenyewe hajawahi kutoa sanduku karakanani bila kutia kitu ndani, hata kitambaa tu, hata maranda. Leo alikuwa anafikiria upana. Mimi nilikuwa nafikiria hotuba yangu. Wajumbe wa komite nzima, watu wazima, tumezika wazazi, na hakuna aliyekumbuka.

Papa Bahati alisimama juu kabisa, mikono nyuma.

"Munaona komite yenu? Inawatembezea kifo mu avenue."

Tukageuza. Tulirudi na sanduku letu kama wezi waliokosea nyumba. Nimemtukana Papa Cirhuza njia nzima.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa, hakuna aliyenunua mandazi. Wamepita mbele ya karai wakiangalia mawingu. Hakukuwa na mawingu.

Mtoto wa nyumba ya tatu ana homa. Ni malaria, kama ya mwezi uliopita, kama ya mwezi uliotangulia huo. Lakini safari hii malaria imeletwa na mimi. Nimeenda kumwona. Mama yake amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Nimemwachia mandazi kwenye sahani. Nikiwa sijafika mbali nikasikia sahani inawekwa nje.

Imeniuma. Sitajidai haikuniuma.

Jumanne, 11 Juni

Chef wa avenue amekuja asubuhi, bila kuwepo kinywaji chochote, kwa hiyo nilijua ni jambo baya. Papa Bahati anataka watu wakutane Jumatatu wachague présidente mwingine. Chef ananishauri nijiondoe mwenyewe, kwa heshima, na mambo ya njia tuyaache kwanza.

"Maman Nabintu, watu banaogopa. Acha kwanza."

Acha kwanza. Ng'ambo ya mtaro nao waliacha kwanza. Nimemwambia waje Jumatatu, wanikute nimekaa. Sitoki. Wakinitoa watanitoa na kiti.

Mchana Maman Riziki akaja. Akakaa, akaanza kunisaidia kukata unga. Kisha akasema bila kuinua macho:

"Mubebe dada yangu."

Sikuelewa. Akanieleza. Kule vijijini kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, familia inakata mgomba, inauvika kitenge, inauita jina lake, inauzika. Mgomba ukishaitwa jina ni maiti kamili. Unaliliwa, unafanyiwa matanga, unapewa njia. Faida hajazikwa. Mwaka mzima Maman Riziki ameshindwa kulala vizuri kwa sababu hiyo, na mwaka mzima hakutuambia. Matanga yawe kwake, nyumba ya chini kabisa, mtaroni. Sanduku, na mgomba ndani yake, lipande kwa njia yetu mpaka barabarani, liende makaburini.

Nikamuuliza kama anafanya hivi kwa ajili ya komite. Nilitaka kujua. Sitaki kumfanya marehemu rula.

"Ninafanya kwa ajili ya Faida. Lakini apite kwenye njia. Yeye alikosa njia."

Nimelia juu ya unga. Umekuwa na chumvi ya kutosha.

Ijumaa, 14 Juni

Matanga kwa Maman Riziki. Nilidhani hawatakuja. Wamekuja wote. Hata mama wa nyumba ya tatu, na mtoto wake mgongoni, amepona, anacheka na kila mtu. Watu wa ng'ambo ya mtaro wamekuja pia, wale waliobaki. Papa Bahati ametuma sukari na mkewe. Nimeipokea. Sukari haina kosa.

Mgomba umelala sebuleni, umevikwa kitenge cha buluu alichokuwa anakipenda Faida. Waliomjua wanasema jina lake wakiingia. Hakuna aliyecheka. Padri hakualikwa, asije akatuuliza maswali.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu. Leo nimepima jiko langu kwa mikono, nikijifanya nafagia. Sanduku litakwama pale. Na jiko litang'olewa lote. Jiko lenyewe ndilo lililosogea njiani, ubao mmoja kila mwaka, kwa adabu kabisa. Ndipo ninapopata chakula cha watoto. Nimeudhika na Papa Cirhuza kwa kutengeneza sanduku pana. Kisha nikakumbuka nilivyosema kuhusu sura za watu. Mdomo wangu huu.

Naogopa. Lakini kesho haitarudi nyuma.

Jumamosi, 15 Juni

Tumepanda.

Wanaume wanne, wawili wawili. Maman Riziki nyuma ya sanduku, mimi pembeni yake, avenue nzima nyuma yetu ikiimba. Muziki umezimwa kila mahali. Sanduku likiinuliwa kwenye nyumba ya matanga halitui chini mpaka kaburini. Likitua njiani, pale lilipotua patatoka mwingine. Kila mtu anajua hilo, na safari hii tulikumbuka.

Nyumba ya tatu, ncha ya bati inazuia. Mwenyewe akapanda akaikunja, hakungoja kuambiwa. Mwingine akang'oa kibanda cha kuku. Mwingine ubao wa choo. Nyimbo hazikukatika.

Kisha jiko langu. Likakwama.

Wimbo ukafa. Watu wote wakaniangalia, na wengine, naapa, kwa raha kidogo. Lisilo budi hutendwa. Nikaomba nyundo kwa Papa Cirhuza, nikapiga ubao wa kwanza mwenyewe. Ulikuwa mgumu kutoka. Wa pili ulitoka kirahisi. Baada ya hapo wakaja wengine na mikono yao, na jiko langu likalala chini, karai upande huu, mbabula upande ule. Sanduku likapita juu ya vumbi la mkaa wangu. Nililia, na waliodhani namlilia Faida sikuwasahihisha.

Tukafika juu. Papa Bahati amesimama mlangoni mwa depo, amekamata ile karatasi.

"Karatasi iko. Mimi siwezi vunja. Mumurudishe, mupite na chini."

Kumrudisha maiti. Nilitaka kumwambia maneno yangu yote, yapo mengi, nimeyatunza. Maman Riziki akanishika mkono. Tulisimama tu. Wabebaji walianza kutoka jasho, mabega yakitetemeka, na sanduku likawa linatikisika kidogo mbele ya macho yake. Aliyerudisha maiti hubaki na jina hilo mpaka kwa wajukuu. Yeye anajua. Ametoka kijiji kimoja na Maman Riziki.

Mkewe ndiye aliyetoka. Hakumtazama. Akainua kreti la kwanza, akaliweka barabarani. Akarudi kuchukua la pili. Tukaingia akina mama kumsaidia. Chupa zinagongana. Papa Bahati alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akavua kofia.

"Mungoje. Mutavunja vibaya. Ile mbao niliweka mimi."

Akazitoa mwenyewe, moja moja, kwa uangalifu, na misumari akaiweka mfukoni pamoja na karatasi.

Faida alipita amelala. Amezikwa. Maman Riziki hakulia makaburini. Alishindilia udongo kwa mguu mpaka ukawa sawa, akasema twende nyumbani.

Jumatatu, 17 Juni

Mkutano wa kunitoa umefanyika penye jiko lililokuwa jiko. Tumekaa nje, juani, njiani. Papa Bahati anataka alipwe mbao zake. Nikamwambia foleni ya kulipwa iko hapa, na mbele yake nimekaa mimi. Watu wakacheka. Chef wa avenue akauliza kama bado kuna wanaotaka présidente mwingine. Watu wawili wakaangaliana. Hakuna mkono uliopanda. Hata wa Papa Bahati. Aliukuna ukosi.

Mchana Papa Bahati akaweka kreti moja njiani. Tupu. Kujaribu tu. Nikaliondoa. Akalirudisha. Nikalikalia. Nimelikalia mpaka jioni, nikichambua maharage, nikisalimia wapita njia. Mwishowe mkewe akaja kuliomba, akiwa anajizuia kucheka. Nimempa.

Sijui nitapika wapi mvua zikija. Hilo nitaligombania mwezi wa tisa. Leo nimeshinda.

Jumapili, 23 Juni

Nimeweka mafiga matatu nyuma ya nyumba, upande wa jua. Moshi unanifuata kila ninapohamia. Mandazi yanatoka meusi upande mmoja. Wanayanunua hivyo hivyo.

Maman Riziki amelala mchana, kwenye mkeka wangu, mdomo wazi.

Ukuta wa jiko wa upande wa njia haupo, kwa hiyo ninapokunywa chai asubuhi niko njiani pamoja na kila mtu. Wanaoenda misa ya kwanza wanapita wawili wawili, kwa nafasi, wakizungumza. Wenye bidoni za maji wanapita. Bibi wa chini amepitishwa kwenye kiti, amebebwa, anaangalia huku na huku kama mgeni. Na kila mmoja anasalimia. Maman Présidente, umeamkaje. Nimeamka vizuri. Na watoto. Wako. Na kazi. Iko.

Nimeitikia mpaka chai imepoa.

Kesho nitaamka mapema zaidi, ninywe kabla hawajaanza kupita.