Sarafu ya Ng'ombe Asiye na Tumbo

Buluk, Juba
Novemba 2016

Dada yangu mpendwa Teresina,

Salamu nyingi kama vumbi la huku zikufikie wewe, Mama na watoto wote watatu hapo kambini Adjumani. Mimi ni mzima, ninakula, na uzuri wangu haujapungua. Ukibisha muulize Emilio dereva, anayekuletea barua hii na kipande cha sabuni. Mama amepunguza kukohoa? Santina mdogo ameota meno, au bado anacheka kama kizee? Jambo moja kabla sijaendelea: sabuni hiyo usiifulie mpaka umalize kusoma.

Najua utaucheka mwandiko. Wewe ulifika Senior Four, mimi nilitoka Primary Seven kupitia dirishani. Lakini Dada, pikipiki ikikohoa hapa Buluk, hakuna anayeuliza mwenye Senior Four yuko wapi. Wananiulizia mimi. Wananiita Dokta. Sawa, mimi ndiye niliyewaambia waniite hivyo, lakini wameitika. Nikishabadilisha oili ya mtu, nachovya kijiti kwenye rangi nyeupe na kuandika jina langu lote ubavuni mwa injini, dunia ijue nani ameitibu. Unakumbuka shemeji Lukudu alivyokuwa akinigombeza? Alisema fundi haandiki jina, kazi yake ndiyo inayomtaja. Nikamjibu kwamba ana wivu, kwa sababu herufi zake zinalala chali.

Mji umenyamaza vibaya. Watu wanasalimiana wakitazama nyuma. Mbwa wa upande wa barabara ya Yei wamenona, na hakuna anayesema wanakula nini. Ndiyo maana sikukupigia. Siku hizi simu ina masikio mengi kuliko mbuzi wote wa baba.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita alikuja mteja, mtu mnene wa miwani myeusi, shati la kiraia na buti za jeshi. Alikuwa na pikipiki kuukuu iliyopakwa rangi nyeusi kwa brashi, tena na mtu mwenye haraka, kwa maana hata vioo vilikuwa vimepata sehemu yao. Nikamtania, nikamwambia pikipiki yake imevaa nguo ya matanga. Hakucheka. Alisema anataka oili mpya, anakwenda mbali, niache maneno mengi. Unanijua, niliendelea nayo.

Nikaiwasha kidogo ili oili ipate joto, maana ya baridi haitoki yote. Nikaizima, nikaweka beseni chini, nikalala ubavu na spana yangu. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikamwambia pikipiki hii haijapendwa, oili yake ina miezi. Nikafungua bolti yote, na pamoja nayo ikadondoka washa, kile kiduara kinachobana bolti isivuje. Nikakiokota kwenye beseni, nikakipangusa kwenye suruali.

Dada, ilikuwa sarafu ya mia ya Uganda, ile ya ng'ombe. Imetobolewa katikati, ng'ombe hana tumbo, amebaki na pembe juu na kwato chini. Mafundi wengi hutoboa sarafu, nakubali. Lakini pembeni ilikuwa na alama tatu za tupa. Umeshajua. Wewe ulikuwepo Lukudu alipochonga ya tatu, wiki aliyozaliwa Santina, na ukamcheka kwamba anahesabu watoto wake kwenye injini kama mwizi wa kuku. Hapo nikakwangua rangi kidogo kwa ukucha, chini ya tangi. Chini ya nyeusi kulikuwa na nyekundu ya pikipiki ya shemeji.

Nililala pale chini muda mrefu kuliko kazi inavyotaka. Kisha nikauliza, kwa sauti yangu ile ile ya upuuzi, kwamba pikipiki nzuri hivi aliipata duka gani. Yule mtu akasema alipewa, njia ya Yei. Nikamuuliza na nani, mwenye mkono mwepesi hivyo, nami niende anipe. Hapo ndipo alipocheka. Akasema nisisumbuke, huyo hatampa mtu kitu tena, maana wamemlaza chini ya mti, wala hawakumfunika.

Basi ndivyo ilivyo, Dada. Nimezunguka maneno karatasi nzima kwa sababu sikujua mlango wa kuingilia. Usimngojee tena. Lia kwanza peke yako, kisha ndiyo umwambie Mama.

Na lililobaki nakuambia wewe tu. Ile sarafu niliiweka mdomoni, chini ya ulimi. Mahali pake nikakata kiduara cha tyubu ya baiskeli, nikaweka, nikakaza bolti kwa vidole, si kwa spana. Wewe ulikuwa mke wa fundi, unajua mpira unavyofanya oili ikichemka: unalainika, bolti inalegea, oili inatoka tone kwa tone, injini inajibana yenyewe. Nikamjazia oili mpya, safi, ya chupa iliyofungwa. Nikashindwa kumwambia safari njema, kinywa kilikuwa na sarafu. Akaniambia leo hatimaye nimejifunza kunyamaza. Akaondoka njia ya Yei.

Juzi pikapu ya askari iliirudisha mjini. Injini imekufa, pikipiki ina matundu ya risasi. Yule mnene hakuwemo. Sasa wanapita kwa mafundi mmoja mmoja, Atlabara jana, leo wameingia Buluk. Na hawaulizi nani alibadilisha oili, Dada. Hawana haja ya kuuliza. Mkono wangu una mazoea kuliko akili: yule mtu alipokuwa akivaa miwani yake, mimi nilichovya kijiti kwenye rangi nyeupe, nikaandika. Herufi zote. Zimesimama wima, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kwa lori sitakuja, wanatazama nyuso njiani. Nitatembea, kwa njia ambayo siitaji hapa. Usinitafute kwa watu. Nikifika utanisikia kabla hujaniona, mdomo wangu unaujua.

Kata sabuni taratibu, katikati. Ng'ombe wa shemeji yumo. Mtie uzi, avae Santina, lakini asimtie mdomoni, ana ladha ya oili, najua.

Mpe Mama mkono wangu, wabebe watoto kwa niaba yangu, na barua hii iwashie moto wa chai. Mungu awafunike.

Ni mimi, mdogo wako. Safari hii jina siandiki.