Kitako cha Nguzo ya Nne

Fundi Makame,

Ningekuamkia shikamoo, ila marahaba yako ndiyo niliyoikosa tangu mwaka jana, na kuamkia bila kuitikiwa nshachoka. Kazini wananifanyia hivyohivyo.

Lile daraja la bondeni, ulilolisubiri tangu una meno yote, linajengwa. Mimi ndiye msimamizi wa nondo. Nguzo zake watu watatu hawazikumbatii, na malori ya kokoto yatapita juu mchana kutwa. Kila nguzo inakaa juu ya kitako cha zege, kipana, kinene, kiutawanye uzito usielemee mahali pamoja. Hilo ulinifundisha kwenye tope la Mtoni: kisigino chako kikazama, ukaweka ubao, ukasimama juu yake kama bwana harusi. Wenzangu walikwenda chuo. Mimi nilikwenda topeni.

Na ukanambia mwamba wetu ni matumbawe, una mapango kama jino bovu. "Piga mtaimbo kabla hujafunga nondo. Kisha sikiliza."

Sikupiga, Fundi. Palikuwa na ramani za rangi, palikuwa na ripoti ya mashine iliyopekecha mwamba, nikaona haya kuonekana mshamba. Nguzo ya nne nimeshafunga nondo zote, ndipo juzi mtaimbo ukaniponyoka, ukaangukia mwamba pembeni. Ukalia mlio wa mtungi mtupu. Nikamimina ndoo tatu za maji, ulivyokuwa ukifanya wewe. Mwamba ukazinywa, hata ahsante haukusema.

Nikamwita mhandisi wetu, kijana mpole, viatu safi. Tupekeche tena hapahapa, nikamwambia. Pango likionekana, kitako kibuniwe upya, kibebwe na nguzo za zege zinazoshuka mpaka kwenye mwamba mzima. Akacheka. "Mzee Khatib, ardhi ina kiu tu. Wewe una mtaimbo, mimi nna ripoti."

Mashine ya ripoti yenyewe, Fundi, ilipekecha hatua kumi kutoka hapo! Na vijana wangu wamenuna: "Tufungue kazi yote kwa ndoo tatu za maji?"

Hasira hizi nusu ni zako. Ungekuwepo ungemtazama mara moja tu, angefyata mkia. Mimi nikimtazama ananiuliza kama macho yananiuma.

Kesho asubuhi zege linakuja. Nnakuahidi: nitashuka shimoni, nitakaa juu ya nondo zangu, mtaimbo magotini, mpaka mashine irudi kupekecha. Kummwagia zege mtu mzima hakumo kwenye ripoti yao.

Pumzika wewe. Siku ile Mwanakwerekwe, watu wakisubiri jeneza, nilishuka kaburini mwako nikapiga mtaimbo pande zote nne. Walidhani nimepagawa kwa msiba. Sauti ilitoka nzito, nzima.

Kwako wewe, angalau, sikusahau.

Mwanafunzi wako,
Khatib