Mti Uliobeba Kopo

Jumamosi, Februari. Tabora kumekucha na rasharasha, kisha likatoka jua la kubabua. Nimerudi kutoka Ulyankulu na matope hadi magotini. Sina huzuni, sina furaha. Niandike tu.

Kwa asiyejua kazi yangu: natoboa kopo la maziwa ya unga tundu la sindano, naweka karatasi ya picha ndani, nalifunga juu ya mti na kuliacha kwa miezi. Hakuna lenzi wala kitufe cha kubonyeza. Jua linachora mstari wake kila linapopita, na kila kilichosimama mbele ya tundu kinajichora polepole. Mti uliokatwa kabla ya muda kwisha unatoka umefifia, kama doa la chai kwenye nguo iliyofuliwa. Nilitaka picha ya msitu unavyopungua kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku. Visiki vyenyewe kila mtu anavyo kwenye simu.

Kopo hili nililifunga kabla ya mvua za kwanza, juu ya mti mmoja mnene wa myombo pembeni mwa shamba.

Leo nimeukuta umebaki peke yake.

Nikiwa bado nashangaa, akaja mwenye shamba, Mzee Gaspari, shoka begani. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kama kopo ni langu. Nikasema ndiyo.

"Afadhali umekuja, binti yangu. Nimekata huku kote, huu nikauruka. Mti wenye mzinga wa mtu haukatwi mpaka mwenyewe aje autoe mzinga wake. Sasa hili lako sikujua ni la nyuki gani, ila niliona limefungwa na mtu."

Nilitaka kucheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Tumbaku imeiva na bani langu halina kuni," akaendelea. "Nikichelewa, majani yanaoza. Ukilitoa kopo, naukata leo. Ukiliacha, mimi siugusi."

Hakuwa ananitisha wala kunibembeleza. Alikuwa anasubiri jibu, basi.

Nilifikiri haraka. Nikiliacha kopo, mwanga utaendelea kuingia mpaka karatasi iungue yote na picha ipotee. Maonyesho ya picha yanakaribia na sina picha nyingine ya maana. Halafu nikajiambia kwamba huyu mzee ana watoto wa kulisha, na akiukosa mti huu atakata mwingine mbele huko. Ni kweli kabisa. Pia ndicho nilichokuwa nataka kusikia.

Nikapanda. Nikaziba tundu kwa soloteipu nyeusi, nikashuka nalo kifuani kwa uangalifu kama nimebeba mayai. Mzee alinishukuru mno, akaniita nyumbani kwake nikapewa mahindi ya kuchemsha, bado ya moto. Nimeyala njiani juu ya bodaboda. Yalikuwa matamu.

Shoka nilianza kulisikia kabla sijapanda pikipiki.

Jioni hii nimefunga mapazia ya chumba changu hapa Kitete, nikafungua kopo na kuipitisha karatasi kwenye skana. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Mistari ya jua imepinda juu, mingine imekatikakatika kwa sababu ya siku za mawingu. Chini yake miti inafifia mmoja baada ya mwingine, na ule wa karibu na bani umebaki ukungu tu. Nimemtumia rafiki yangu tunayeandaa naye maonyesho. Amejibu papo hapo: "Hii inakaa mlangoni, mtu aione kabla ya kitu kingine. Miti yote iliyokatwa inaonekana!"

Nimeitazama tena baada ya ujumbe wake.

Si yote. Mti uliobeba kopo hauwezi kuonekana, kwa sababu ulikuwa nyuma ya tundu. Kila mti alioukata Mzee Gaspari kwa uamuzi wake umeacha alama kwenye karatasi. Haumo ule mmoja tu, ambao ulikatwa kwa ruhusa yangu.

Nimeona aibu, na bado naipenda picha.

Rafiki yangu anataka maelezo mafupi ya kubandika chini yake. Nimekaa hapa tangu Magharibi. Mpaka sasa nimeandika jina langu tu.