Saa Yangu Inaona Moshi

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada jua kwanza unaandikiwa na nani: ni mimi Joona wa Ylikoski, fundi ambaye hata jua la Finland lingemwuliza saa kabla ya kuchomoza, shule niliiacha lakini akili nilitoka nayo, na kwa mikono hii nimeiundia klabu yetu ya riadha saa ya mbio, mbao za mlango wa sauna ya bibi, vitaa vyekundu mia mbili na ushee, betri ya pikipiki, tarakimu kubwa kama kichwa cha ng'ombe, nayo inakaa kwenye mstari wa kumalizia na maikrofoni yake, ikisikia bastola ya kuanzisha mbio kule mwanzo wa uwanja inaanza kuhesabu yenyewe.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mzee Oiva, miaka arobaini na saa yake ya kubonyeza. Kiangazi kilichopita mkimbiaji wetu Ilona akakimbia mita mia, saa yangu ikasema sekunde kumi na mbili nukta tatu, rekodi ya klabu! Mzee akasema nukta sita.

"Kijana, saa yako inangoja mlio, na mlio unatembea. Tazama moshi."

Nikamjibu mbele ya watu na soseji zao, "Mzee, kinachotembea ni dole gumba lako, tena kwa mkongojo!"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Akatia saa yake mfukoni, akaenda zake, uwanjani hakurudi, na Februari tukamzika.

Sasa sikia. Mei tumeitoa saa stoo kwa mazoezi, na nakuapia, moshi wa bastola ukitoka tu vitaa vinaanza kukimbia, halafu ndipo mlio unatufikia. Haina macho hiyo! Nikakata waya wa maikrofoni. Ikaanza vilevile. Ilona hataki tena kukaribia pale mstarini, anasema pananuka zile peremende za kwetu zenye ladha ya lami alizokuwa akimumunya mzee. Na Jumamosi ni mashindano ya wilaya, mwenyekiti anaitaka saa. Niivunje, au nimwite mchungaji?

*Mshauri anajibu:*

Joona, una kelele kama bati kwenye upepo. Pole kwa hofu; mimi mwenyewe nimeisoma barua yako nikaenda kufunga mlango. Lakini usinizungushe. Saa umeisimulia hadi msumari, mzee umempitia mbio. Mbona hujaniambia nani alikuwa sahihi siku ile? Mchungaji mwache anywe kahawa yake, na usivunje kitu. Mwambie Ilona kwanza, mkiwa wawili tu, maana rekodi ni yake. Kisha Jumamosi, kabla ya bastola ya kwanza, simama mbele ya walewale waliocheka, useme ukweli. Na anza kuusema hapa.

*Joona ameandika tena:*

Haya, mshauri. Jioni ileile watu walipoondoka niliweka maikrofoni moja kwenye bastola na nyingine kwenye saa. Zikapishana nukta tatu ya sekunde, kama alivyosema mzee. Nikakunja waya. Nyumba yake iko njiani kwangu. Kiangazi kizima aliketi pale ngazini, nikipita na baiskeli ananipungia mkono. Sikusimama hata siku moja.