Vikombe Vitatu vya Maji

Bagamoyo,
Jumatatu asubuhi

Kaka yangu Mikdad,

Shikamoo. Natumai hamjambo hapo Miono, na nguruwe wamekuachia mihogo kidogo mwaka huu. Mimi mzima, Alhamdulillahi. Wifi Esha je, bado hataki kula? Ningepiga simu, lakini ungenitetea kabla sijamaliza, ndiyo maana nimempa Abdillah dereva barua hii akuletee leo.

Kazi yangu unaijua: katika jaribio la dawa ya sonona, nawauliza wagonjwa maswali na kuwapa alama. Nusu wanameza dawa, nusu kidonge kitupu kinachofanana nayo, na mimi sitakiwi kujua nani kapata kipi. Nikajua. Dawa hukausha kinywa, na jagi la maji lilikuwa mezani pangu. Anayekunywa sana, nilisema moyoni, huyu kapata dawa. Nilijiona mjanja, si unanijua. Na wanywaji maji wote walipata nafuu, kwenye karatasi zangu.

Ramadhani jagi likaondolewa. Akaja mgonjwa mpya, Msabaha, fundi wa vitanda. Wiki nne nilimsikiliza tu, nikaandika alivyosema: hali ni ile ile. Baada ya Idi jagi likarudi, akanywa vikombe vitatu mfululizo. Nikamwuliza habari za usingizi, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshaandika kuwa ana nafuu. Kisha akaniambia leo siku ya nne hajalala.

Siku ile ile nilimweleza Daktari Leodgar, msimamizi wa jaribio, yote. Hakunigombeza. Alisema karatasi zangu zitatengwa, wagonjwa atawapima mtu mwingine, na maji yatahamia chumba kingine. Mimi nimepewa mashine ya shinikizo la damu, na naiweza vizuri, maana haijali ninachofikiri.

Lakini hilo si zito. Kabla ya Ramadhani nilikuambia, bila hata kusita, kuwa dawa yetu inaponya, Esha asianze dawa za hospitali, angoje hii itoke. Ukanisikiliza kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Kaka, sijui kama inaponya. Huenda inaponya. Mimi nilihesabu vikombe.

Mlete kesho kwa gari la kwanza, nitawapokea stendi na kumpeleka kliniki mwenyewe. Nisalimie mama na Mwanamvua. Na Esha mwambie ukweli, kwamba miezi hii mitatu ameteseka kwa neno langu. Akitaka kunigombeza, nipo.

Mdogo wako,
Adila