Maranda ya Farasi

Chang'ombe, Dodoma
Machi 1994

Kwa dada yangu Kuluthumu,

Shikamoo. Huku mvua zimegoma, mtama wa watu unaungua shambani. Mimi mzima, bado nakaa eda.

Paka wa marehemu naye simtoi nje, majirani wametega sumu ya panya. Umeuliza anajisaidia wapi. Madukani siku hizi kuna mchanga wa paka kutoka ng'ambo, lakini bei yake si ya mjane. Natumia maranda ya mbao wanayotandika kwenye banda la farasi kule Msalato. Marehemu Rehani alikuwa akija na gunia kila Ijumaa akitoka kazini, na tajiri wake bado ananiletea. Yananyonya vizuri, hayanuki mkojo. Yananuka farasi.

Yule farasi aliyempiga teke hawakumuuza. Nasikia anakula vizuri.

Sukari usitume, ipo. Ila kila nikimwaga maranda kwenye karai, paka hunusa, kisha hukimbilia mlangoni, maana harufu hiyo ilikuwa ikiingia na Rehani. Hukaa pale mpaka magharibi. Mwanzoni nilimfukuza. Sasa nakaa naye.

Ni mimi mdogo wako,
Sabiha