Jiwe la mama liko ndani ya kanisa

Dada yangu Keji, salamu nyingi kutoka Abuku.

Ulilia pale Ediofe ukisema wajenzi wa kanisa wamevunja lile jiwe kubwa mama alilosagia simsim. Futa machozi, jiwe iko! Kanisa ni la duara, halina kuta, ndege wanapita ndani wakati wa misa, na jiwe letu limekaa katikati. Walitaka kulipasua, fundi akakataa. Na fundi ni nani? Poni wangu! Nimezaa mutu, siyo mchezo.

Nilipiga magoti kusali, mkono ukateremka wenyewe kwenye kile kishimo cha kusagia. Badala ya Baba Yetu nikaanza wimbo wa mama, ule wa kumcheka mume mvivu. Wamama wazee nyuma yangu wakaitikia kwa nguvu! Katekista akasema, "Mama, hapa ni kanisani." Nikamjibu, "Kabla ya kanisa, hapa ilikuwa kwa mama yangu." Halafu na yeye akaitikia.

Waliitikia vizuri, dada, lakini siyo kama wewe. Nakukumbatia sana.

Mdogo wako,
Mama Poni, mama ya fundi